Kama bakteria wa tumboni ndio chanzo, kwa nini wasiuawe wote?

"Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, tunaishi naye Tabata. Tangu mwaka jana anaharisha damu na makamasi, mara sita hadi nane kwa siku. Ametibiwa amiba mara nne na taifodi mara mbili. Mwezi uliopita akapimwa kwa kamera, wakakata na vinyama, jibu likaja kwamba utumbo mpana umevimba wote na una vidonda, ni ugonjwa wa kudumu. Akaandikiwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Sasa nimeona video ya mwanasayansi akieleza kwamba ugonjwa huu unatokana na bakteria wa tumboni. Kama ni hivyo, kwa nini asipewe dozi kali ya kuwaua wote akapona? Na kuna mtu anatuuzia vidonge vya bakteria wazuri kwa shilingi laki moja na nusu. Tununue?"

Marahaba, binti yangu. Poleni sana wewe na mdogo wako. Ugonjwa wa namna hii tunauita vidonda vya utumbo mpana (kwa Kiingereza, ulcerative colitis). Kuharisha damu mwaka mzima kunamaliza mwili na kunavunja moyo, na mara nyingi anayeumwa huona aibu hata kumwambia mtu. Umefanya vyema kumsemea.

Nianze na ile dozi kali, maana ndiyo iliyonishtua. Mdogo wako ameshaipata. Kutibiwa amiba mara nne ni kumeza metronidazoli, au dawa ya jamii yake, mara nne. Taifodi mara mbili ni antibiotiki nyingine mara mbili. Ndani ya mwaka mmoja tumbo lake limefagiwa mara sita, na damu bado inatoka. Kama kuua bakteria kungekuwa ndiyo tiba, angeshapona zamani.

Wala si yeye peke yake. Kuna dada mmoja alikuja kliniki akanimwagia mezani pakiti tupu za dawa, nikazihesabu mbele yake: kumi na moja za metronidazoli, nne za sipro, antibiotiki nyingine, pamoja na vyeti vya maabara vilivyoandikwa kwa kalamu, "amiba ++". Alikuwa anapanda mwendokasi kutoka Kimara kwenda kazini Kivukoni, na alikuwa amekariri njia nzima kwa vyoo: wapi pana choo, wapi hapana, wapi mlinzi anakubali kumfungulia. Siku nyingine alishuka njiani mara mbili kabla ya kufika Posta. Miaka miwili aliishi hivyo, na hakuna aliyemwingiza kamera, kwa sababu kila mara lilikuwepo jibu jepesi la amiba. Mdogo wako amefika kwenye kamera ndani ya mwaka mmoja. Hilo lishikeni kama heri.

Kabla sijaenda mbali, neno "uvimbe" lisiwatishe. Kwa Kiswahili chetu uvimbe ni saratani na uvimbe ni jipu, tunaliita jina moja. Huu wa mdogo wako ni wa namna ya jipu linaloanza: wekundu, joto, maumivu, kuvimba. Ni kazi ya chembe za kinga ya mwili zinapokusanyika mahali kupigana.

Utumbo mpana wa mtu mzima wa afya, ukiutazama kwa kamera, ni wa rangi ya waridi, unang'aa kwa ute, na mishipa midogo ya damu inaonekana imetawanyika kama mishipa ya upande wa chini wa jani. Wa mgonjwa kama mdogo wako, ile mishipa haionekani tena. Ukuta ni mwekundu, una chembechembe kama karatasi ya msasa, na kamera ikiugusa tu, damu inachuruzika. Ugonjwa huanzia kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka sehemu. Ndiyo maana anahisi haja kila saa, hata pasipo na kitu cha kutoka zaidi ya kamasi na damu. Ukuta uliojeruhiwa unadhani kila kinachougusa ni choo kinachotaka kutoka.

Sasa, bakteria wanaingiaje hapo? Video yenyewe sijaiona, lakini hoja naijua, na ni ya kweli kwa nusu moja. Nusu ya pili ndiyo inayojibu swali lako.

Mwaka 1993 watafiti wa Cologne, Ujerumani, walichapisha habari za panya wa maabara waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kemikali iitwayo interlukini 10. Kemikali hii ni kama sauti ya mkubwa wa zamu: chembe za kinga hutumia kuambiana zitulie, hakuna vita hapa. Panya wale wakakua wakiwa na matumbo yaliyovimba. Mwaka 1998 kundi la Balfour Sartor, huko North Carolina, Marekani, likaweka hadharani jaribio ambalo naliona zuri kuliko yote katika somo hili. Walichukua panya wa aina hiyohiyo, wakawafuga mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Matumbo yao yakabaki salama. Kisha wakawatia bakteria wa kawaida, wale ambao panya mwingine yeyote huishi nao bila shida. Ndani ya wiki moja uvimbe ukaanza kuonekana.

Tazama vizuri kilichotokea pale. Bila bakteria hapakuwa na ugonjwa, kwa hiyo mwanasayansi wa video hakusema uongo. Lakini bakteria wenyewe hawakuwa wezi. Walikuwa wapangaji wa siku zote. Aliyeharibika ni mlinzi wa geti, ambaye asubuhi moja ameamka hatambui wapangaji wa nyumba anayoilinda na anawapiga wote rungu. Ukiwafukuza wapangaji, kelele zitapungua kwa siku chache. Lakini nyumba hii haiwezi kukaa tupu. Watarudi wengine, na mlinzi ni yuleyule.

Tena hao wapangaji ni wengi mno. Hesabu iliyofanywa mwaka 2016 na Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo inakadiria bakteria trilioni 38 ndani ya mtu mzima mmoja, idadi inayokaribia ya chembe zetu wenyewe, na karibu wote wako utumbo mpana. Wanakula mabaki tusiyoweza kumeng'enya, hasa nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga, na wakishakula wanatoa asidi fupi za mafuta. Moja inaitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Hebu fikiri: ukuta wa mwili wako mwenyewe unalishwa na kijidudu. Hiyohiyo butireti husaidia kukuza zile chembe za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza nyingine. Ukiua wote, umeua na mpishi.

Hapa ndipo naleta kazi ya mwanasayansi ninayemheshimu sana, Harry Sokol wa Paris. Yeye ni daktari wa wagonjwa wa namna hii na ni mtafiti pia, na nadhani ndiyo maana maswali yake yana maana kwa mgonjwa. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa Crohn, ugonjwa ambao ni ndugu wa huu wa mdogo wako, ila wenyewe unaweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Wagonjwa hao walikuwa wamefanyiwa upasuaji kuondoa kipande cha utumbo kilichoharibika. Watafiti wakaangalia bakteria waliokuwa kwenye kipande kile, kisha wakasubiri miezi sita waone nani ugonjwa umemrudia. Waliorudiwa walikuwa na upungufu wa bakteria mmoja, Faecalibacterium prausnitzii. Huyu kwa mtu mwenye afya ni miongoni mwa walio wengi kabisa tumboni, na ni mtengenezaji mkubwa wa butireti. Watafiti wakamkuza maabara, wakawapa panya waliosababishiwa uvimbe, uvimbe ukapungua. Hata majimaji alimokua, bila bakteria mwenyewe, yalisaidia. Tafiti nyingine zimekuta upungufu wake hata kwa wenye vidonda vya utumbo mpana kama mdogo wako.

Naipenda kazi hii kwa sababu iligeuza swali. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanamtafuta mhalifu: kijidudu gani kimeingia? Ilikuwa haki kuuliza hivyo. Barry Marshall na Robin Warren walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na kijidudu kimoja, Helicobacter pylori, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005, na kweli ukikiua kidonda kinapona. Nadhani wengi wetu tunabeba mfano huo kichwani, na swali lako limetoka hukohuko. Sokol aliuliza kinyume chake: nani hayupo? Na kwa mtu ambaye tatizo lake ni aliyekosekana, antibiotiki ya saba itampunguzia hata wachache waliobaki. Zaidi ya hapo, antibiotiki zinaweza kumwachia nafasi kijidudu kiitwacho Clostridioides difficile, ambacho kwa mwenye utumbo uliojeruhiwa ni hatari kweli.

Sitaki usome hapa kwamba antibiotiki ni sumu. Kuna wakati sisi wenyewe tunaziandika, kwa mfano akipata usaha, au kijidudu halisi kikionekana kwenye kipimo kinachoaminika. Ninachokataa ni kumeza kwa kubahatisha. Kile kipimo cha taifodi cha damu kinachotegemewa sana mtaani, Widal, kinakosea mara nyingi, na kuharisha damu kwa miezi si sura ya taifodi.

Utaniuliza: basi si tumrudishie huyo bakteria aliyepungua? Ndiyo, na hapo tunamfikia muuza vidonge wako. Faecalibacterium prausnitzii hapendi hewa kabisa. Oksijeni inamuua ndani ya dakika chache. Kumweka hai kwenye kopo linalofunguliwa kila asubuhi jikoni Tabata, kwa joto la Dar, ni kazi ambayo bado inawatoa jasho watu wenye maabara kubwa. Kilichomo kwenye vidonge vingi vya madukani ni bakteria wa jamii ya wale wa mtindi, ambao ni rahisi kuwafuga. Hawana ubaya kwa watu wengi, lakini si hawa ninaowazungumzia.

Yupo mmoja tu mwenye historia ninayopenda kuisimulia. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia daktari Mjerumani, Alfred Nissle, alikuta askari mmoja ambaye hakuugua tumbo la kuhara damu lililowapata wenzake. Mwaka 1917 akatenga kwenye kinyesi cha askari yule aina ya Escherichia coli isiyodhuru, na bakteria huyo yupo hadi leo kama dawa. Mwaka 2004 Wajerumani walimlinganisha na mesalazini kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao ugonjwa wao umeshatulia, na akafanya kazi ya kuuzuia usirudi karibu sawa na mesalazini. Sikiliza vizuri: kuuzuia uliotulia, na karibu sawa na dawa ambayo mdogo wako tayari anayo mkononi. Kwa hiyo laki moja na nusu yenu, kwa maoni yangu, msiipeleke huko. Itunzeni ya mesalazini isikatike, maana kinachowarudisha wengi kliniki wakiwa wanavuja damu upya ni kuacha dawa baada ya kujisikia wazima.

Kuna na jambo la kuhamisha choo, yaani kinyesi, cha mtu mwenye afya na kukiingiza kwenye utumbo wa mgonjwa. Usicheke, ni tiba ya kweli. Kwa wenye Clostridioides difficile inayojirudia, jaribio la Uholanzi la mwaka 2013 liliponya asilimia 81 kwa mara ya kwanza tu, wakati dawa ya kawaida iliponya asilimia 31. Kwa ugonjwa wa mdogo wako nguvu yake ni ndogo zaidi: nchini Kanada mwaka 2015 waliotulia walikuwa asilimia 24, na waliopewa maji tu asilimia 5. Ni dalili kwamba njia ipo, ila ni nyembamba. Na asije mtu akajaribu nyumbani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufa kwa bakteria sugu waliotoka kwenye choo cha mtoaji ambacho hakikupimwa vya kutosha.

Chakula sasa, na hapa nina la kujivunia, maana utafiti umefanyika kwetu. Godfrey Temba na wenzake wa Moshi na Uholanzi walipima Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa kijijini, wakachapisha mwaka 2021: wa mjini walikuwa na kinga iliyo tayari kuwaka zaidi, na tofauti kubwa ilitokana na chakula. Mwaka 2025 wakaleta jaribio lenyewe, wanaume 77 wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili wakapewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu, cha kukaanga na cha kusindikwa. Alama za uvimbe kwenye damu zikapanda. Wengine wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha nyumbani, kunde, mboga, ndizi, nafaka isiyokobolewa. Alama zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja tu, nalo likapata nafuu ya namna hiyo. Wiki mbili! Mimi niliposoma niliwaza chipsi mayai na soda tunazowanunulia watoto wetu kila jioni.

Lakini wale walikuwa wazima, na kilichopimwa ni damu. Hakuna aliyeponywa vidonda vya utumbo kwa ndizi, na mbege mimi simwandikii mtu, ina pombe. Kwa mdogo wako leo, akiwa bado anavuja damu, dona na maharage mengi vinaweza kumsokota vibaya. Ale kilicho laini kwanza: wali, uji mlaini, samaki wa kuchemsha, mayai, viazi, ndizi mbivu, mboga iliyopikwa ikaiva sawasawa. Mtindi kama haumsumbui. Choo kikishatulia, muanze kurudisha taratibu: uji wa ulezi, choroko zilizoiva mpaka zikapasuka, mchicha, matembele, kisha dona nusu kwa sembe nusu. Huko ndiko wapangaji wanapolishwa. Kila wiki ongezeni kimoja tu, ili kikimchafua mjue ni kipi.

Msiruhusu aache kula kwa kuogopa choo. Wasichana wengi hufanya hivyo ili wawahi kipindi chuoni, na damu yao inashuka mara mbili, kwa kuvuja na kwa njaa. Apimwe wingi wa damu na madini ya chuma.

Maumivu yakimbana, atumie parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linazitoa bila kuuliza, zinaweza kuuamsha ugonjwa huu.

Na ukimsikia daktari anataja steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni, kama mesalazini haitoshi, msiikimbie. Huo ndio wakati wa kumshika mlinzi mkono. Ila muulizeni kwa heshima maswali mawili: kama vile vinyama vilisomwa kutafuta amiba na kifua kikuu cha utumbo, na kama amepimwa minyoo na kichocho. Mkisema kama amewahi kukaa Mwanza au Mara itamsaidia daktari, maana kichocho cha tumbo ni cha Kanda ya Ziwa zaidi kuliko hapa Pwani. Haya magonjwa yanafanana sana na ya mdogo wako kwenye kamera, na mtu mwenye amiba ya kweli, kifua kikuu au aina fulani ya minyoo akipewa steroidi anaweza kuzidiwa vibaya. Katika nchi yetu hili haliwezi kurukwa. Ndiyo maana siwalaumu moja kwa moja walioanza na amiba. Kosa lilikuwa kurudia mara nne.

Akipata homa, tumbo likavimba na kukaza, mapigo ya moyo yakaenda mbio, au damu ikatoka kwa wingi mpaka anaona kizunguzungu, msisubiri tarehe ya kliniki. Nendeni usiku huohuo hospitali kubwa yenye wapasuaji.

Umetaja pia kwamba jibu lilisema utumbo mpana umevimba wote. Kwa walioshikwa hivyo, miaka minane hivi tangu dalili zianze tunaanza kuwatazama kwa kamera kila baada ya muda kwa ajili ya saratani, ambayo kwao huja zaidi kuliko kwa wengine. Si jambo la leo, lakini ile karatasi ya majibu msiipoteze.

Hakurogwa, na hakujiletea kwa kula vibaya. Mwambie hivyo kwa sauti, maana nina hakika kuna mtu ameshamwambia vinginevyo. Kisha mnunulie daftari dogo. Kila siku aandike tarehe, mara alizokwenda chooni, kama damu ilikuwepo, alichokula, na kama amemeza mesalazini. Wiki sita za daftari hilo zitamfaa daktari wake kuliko maelezo ya kukumbuka kichwani, na kama kuna uwezekano, ombeni na kipimo cha choo cha kalprotektini. Hicho kinapima uvimbe wenyewe bila kumrudisha kwenye kamera.